Ndugu wa Chale wa Koplo Chakupewa

"Mia sita! Shilingi mia sita, Jumbe, unawapa watu waliokuja juzi?"

"Punguza sauti, Bi Pimbi. Wageni watasikia."

"Wasikie! Masikio si wanayo?"

Ndivyo ugomvi ulivyoanza, wanangu, zama zile wanyama walipokuwa wakiezeka nyumba, wakichangishana na kusutana barazani kama sisi. Bi Pimbi, ambaye kimo chake hakifiki goti lako, alikuwa amepanda juu ya kigoda ili amtazame Jumbe Nyati usoni. Jumbe alikuwa amekumbatia chungu.

Ndani ya chungu hicho mlikuwa na mchango wa kijiji wa mwaka mzima. Zilikuwa fedha za kumwezekea nyumba Mzee Kakakuona, aliyepigana vita vya Mto Mkavu akarudi na mguu mmoja mbovu. Mvua zilibakiza wiki moja, na paa la mzee lilikuwa kama chekeche.

Sasa, siku nne kabla ya ugomvi huo, waliingia kijijini wageni wawili, Ngiri na Nyumbu. Majitu! Vifua mbele, nishani zinametameta, bendera begani. Puu! Puu! Puu! Kila hatua wanapiga mguu chini mpaka vifaranga wanakimbia.

"Sisi ni askari wa Mto Mkavu!" alinguruma Ngiri. "Tunatembea kwa miguu kutoka ziwani hadi baharini, kuwakumbuka wenzetu waliokufa!"

"Waliokufa!" aliitikia Nyumbu. Kazi yake ilikuwa kuokota neno la mwisho.

Nani angewanyima? Wakalishwa, wakanyweshwa, wakatandikiwa. Siku ya nne Ngiri akasema safari bado ndefu na mfuko umetoboka. Jumbe akalia machozi, akawaahidi chungu. Hata Mzee Kakakuona alipoulizwa alisema, "Jeshi lilikuwa kubwa, sikumjua kila mtu. Wapeni. Mwenzangu akiwa njiani ana shida kuliko mimi. Nitasogeza kitanda pasipovuja."

Pasipovuja! Nyumba nzima hapakuwa na mahali hapo.

"Jumbe, nimewaona kwa macho yangu," akasema Bi Pimbi. "Nilikuwa nakata kuni nyuma ya kilima. Walikuja juu ya mkokoteni wa Punda, wamelala chali, wanatafuna miwa! Wakashuka, wakajipaka vumbi, ndipo wakaanza hiyo puu puu yao. Na nishani zile ni vizibo vya chupa."

"Una shahidi?"

"Macho yangu."

"Macho ya pimbi mmoja! Mtu amemwaga damu kwa ajili yetu, mimi nimwambie avue nishani niikague? Nitauficha wapi uso wangu? Kesho asubuhi nawakabidhi. Nimemaliza."

"Haya," akasema Bi Pimbi, akashuka kigodani.

Jirani yeyote angekwambia: Bi Pimbi akibishana, kaa. Akisema haya, kimbia.

Jioni ile alipita nyumba kwa nyumba. Kila mlango alibisha, ngo ngo ngo, akauliza, "Wamekula nini kwako?" Akiambiwa, akasema, "Kesho nikiita, taja hicho hicho na bei yake ya sokoni. Usiongeze hata punje. Ukiongeza, nitakuumbua wewe kwanza."

Asubuhi, watu wote barazani. Jumbe akainua chungu. Ngiri akanyoosha mikono. Mara, "Uuuwi! Uuuwi! Jamani, Chakupewa wangu!"

Bi Pimbi huyo, mikono kichwani, anagaagaa vumbini.

"Kulikoni, mama?" akauliza Ngiri, macho hayabanduki kwenye chungu.

"Baba zangu, nyinyi mliokuwa Mto Mkavu! Mlimjua Koplo Chakupewa? Hakurudi! Hatujui hata nani alimfumba macho!"

Jumbe akafungua mdomo aulize Chakupewa ndiye nani. Bwana Nyegere, jirani yake, akamkanyaga ukwato. Kwacha! Jumbe akafunga mdomo.

Ngiri akavua kofia. Akashusha sauti kama anayetia asali mdomoni. "Chakupewa! Kijana shujaa. Alikufa mikononi mwangu."

"Mwangu," akasema Nyumbu.

"Wote wawili?"

"Kichwa kwangu, miguu kwake."

"Ai, masikini! Basi nyinyi mnajua," Bi Pimbi akajifuta machozi, "kama aliwahi kuchanjiana damu na mtu yeyote? Maana ameacha shamba la karanga, ekari mbili, na kwetu sisi hurithi ndugu wa chale. Tumemtafuta miaka yote..."

Hakumaliza. Ngiri alikwisha kukunja mkono wa koti. "Tazama! Chale hii! Tulichanjiana usiku wa kuamkia vita, damu yake ikaingia kwangu!"

"Kwangu!" Nyumbu naye akaonyesha goti alilokwaruzwa na mwiba.

"Jumbe, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Jumbe, bado anaugulia ukwato.

"Wazee, mnasema mbele ya watu wote kwamba nyinyi ni ndugu wa chale wa Chakupewa? Chake ni chenu?"

"Chake ni chetu!"

"Chetu!"

Bi Pimbi akasimama. Akajikung'uta vumbi, pa, pa, pa. Machozi yalikuwa yamekauka ghafla kama umande wa saa nne.

"Vizuri. Mnajua desturi. Mtu akifa, kabla ya urithi huulizwa jambo moja." Akageukia umati. "Nani anamdai marehemu? Ajitokeze!"

"Mimi!" akaruka Bi Kanga. "Pishi tatu za karanga za kukaanga. Shilingi sitini!"

"Mimi!" akasema Bwana Nyegere. "Mizinga miwili ya asali. Mia na hamsini!"

"Na mimi namdai viazi vya siku nne," akasema Bi Pimbi. "Hamsini."

Ngiri akatabasamu. Karanga. Asali. Viazi. Akakumbuka alikovila.

Hapo Jumbe Nyati akanyanyuka polepole. Ubongo wake ulikuwa mzito, ila ukianza kutembea haurudi nyuma. Alimtazama Bi Kanga, akamtazama Nyegere, akawatazama wageni. "Na mimi," akasema, "namdai mitungi minne ya togwa. Sitini. Ilinywewa juzi, hapa hapa."

"Mimi simjui Chakupewa!" Nyumbu akapayuka. "Wallahi simjui! Sijaenda vita vyovyote! Vita vilipopiganwa nilikuwa kwa shangazi nakula majani!"

"Nyamaza, mpumbavu!"

"Sinyamazi! Hata kutembea hatujatembea! Punda ndiye aliyetembea!"

Hata Mzee Kakakuona, pale alipokaa, aliinua kichwa.

"Humjui Chakupewa?" akasema Bi Pimbi. "Hata mimi simjui. Hajawahi kuzaliwa."

Wee! Baraza lilipasuka kwa vicheko, kwa vigelegele, kwa makofi. Bi Kanga alicheka mpaka akataga. Jumbe akachukua chungu, akavuka umati mzima, akapiga magoti mbele ya Mzee Kakakuona na kukiweka miguuni pake. "Mzee wangu, nisamehe. Nimesikiliza nishani, sikusikiliza mtu."

"Simama, Jumbe," akasema mzee. "Wakati wa mvua huu. Tafuta makuti."

Ngiri kuona hivyo akapata ujanja mpya. "Ngojeni! Kama Chakupewa hakuzaliwa, basi hakuna deni! Hatudaiwi!"

"Hatudaiwi!"

"Na karanga nazo hazikuzaliwa?" akauliza Bi Kanga.

Wageni wakageuka mbio, na kibindo cha Ngiri kikalia njege, njege, njege, kwa fedha walizotapeli vijiji vya nyuma. Hawakufika mbali. Nyegere alikuwa upande huu wa njia, na upande ule Jumbe Nyati, pembe chini.

Wanangu, anayevaa jasho la mwenzake huvuliwa mbele za watu.

Bi Pimbi alipanda tena kigoda chake, akakunjua kiganja chini ya pua ya Ngiri.

"Mia tatu na ishirini. Leta."