Mikono Miwili ya Kushoto

Waliosema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua hawakutaka kumtisha mtu. Walijua tu kwamba ugonjwa ukifungiwa mlango hutokea dirishani. Wala kilio chenyewe si lazima kiwe cha matanga.

Palikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Mkasi, kwa sababu hakuna aliyekata kitambaa kama yeye. Karakana ilikuwa ya dada yake, na dada mtu alikuwa na sheria: kukata ni asubuhi, mikono ikiwa haijachoka, kushona ni mchana.

Mkasi alikuwa akitumia vidonge vya sonona. Daktari alipoongeza dozi alimwonya, "Asubuhi zitakusumbua kwa muda kabla hujapata nafuu. Usiache dawa ghafla, na usiubebe mzigo huu peke yako. Mwambie mtu wa nyumbani."

Mkasi aliitikia kwa kichwa, kisha akaenda kumwambia dada yake kwamba vile ni vidonge vya vidonda vya tumbo. Aliogopa kuondolewa kwenye meza ya kukatia. Bila meza ile, angekuwa nani?

Basi kila alfajiri hofu ilimwamsha kabla ya jogoo. Moyo ulimwenda mbio, kifua kilimbana, vidole vilitetemeka, na kumbe hakuna chochote kilichomtisha. Alikaa ukingoni mwa kitanda akitamani siku isianze. Kisha alinawa uso, akavaa tabasamu, akaenda kazini. Mchana hofu ilipungua, akawa mtu tena.

"Mbona umenuna kama uliyelishwa shubiri?" dada yake alimtania asubuhi moja, tabasamu lilipomponyoka.

"Tumbo tu, dada."

"Hilo tumbo lako nalo! Litafute mume likuachie nafasi."

Siku moja mteja alileta hariri aliyoachiwa na marehemu mama yake. Alitaka gauni la kuolewa. "Nyingine hakuna," alisema, akiipapasa. Dada mtu akamkabidhi Mkasi bila kusita.

Asubuhi iliyofuata hofu ilimjia Mkasi kwa nguvu zote. Alitamani kusema, "Dada, niache hadi mchana," lakini akayameza maneno. Alikata sehemu nyingine zote za gauni, mwisho akalaza juu ya hariri karatasi ya kukatia mkono wa gauni, akakata. Akailaza tena, akakata, asikumbuke kuigeuza. Alipoinua vipande, mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto, na hariri iliyobaki haikutosha hata kola.

Mteja alipoonyeshwa hakugomba. Aliketi kwenye stuli, akavikumbatia vile vipande, akalia kama aliyefiwa na mama kwa mara ya pili. Mkasi hakuweza kustahimili. Alisema yote palepale: vidonge, alfajiri, uongo wa tumbo.

Dada yake alimtazama kwa huzuni. "Kumbe ni hilo? Si tungekata mchana, mdogo wangu! Sheria ni yangu, si ya Mungu."

Mkasi angeona afadhali kutukanwa.

Jioni ile alimeza kidonge dada yake akimshikia glasi. Alfajiri hofu ilirudi vilevile, na kule karakana mikono miwili ya kushoto aliyoiacha mteja ilikuwa bado mezani. Tangu siku hiyo Mkasi alikata mchana, lakini hakuna mchana ulioweza kuirudisha hariri ile. Hakika, mficha maradhi kilio humuumbua, na wakati mwingine anayelia ni mtu asiye na kosa.