Simba Mwenye Upele

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo hata chui alikuwa na adabu ya kupiga hodi, Bi Nguchiro alikuwa na makao ya mbwa waliotupwa. Mwili mdogo, mdomo mkubwa! Alfajiri tu keshaamka: huyu atolewe kupe, yule afungwe kidonda, mabanda yafagiliwe. Msaidizi wake, Mzee Kobe, ndiye aliyekoroga uji.

Kila mbwa aliyepokelewa alipewa jina jipya. Tena majina makubwa! Bibi kizee asiye na meno, Tembo. Yule kiguru, Kifaru. Na mtoto wa mbwa aliyeletwa majuzi, mifupa mitupu na upele mwili mzima, akaitwa Simba.

"Simba?" Mzee Kobe alicheka hadi akapaliwa. "Huyu wa kujikuna kutwa?"

"Jina ndiyo dawa ya kwanza," alijibu Bi Nguchiro. "Wewe koroga uji."

Basi asubuhi moja, ngo! ngo! ngo!

"Hodi wenyewe!"

Bi Nguchiro akachungulia penye ufa. Lahaula! Chui! Moyo ukamwenda mbio, maana ua wenyewe ulikuwa wa mabua, na nani asiyejua chui anavyopenda nyama ya mbwa?

"Karibu... papo hapo ulipo! Una shida gani, Bwana Chui?"

"Nasikia mna watoto wa mbwa wasio na kwao. Nimekuja kuchukua mmoja nikamlee."

"Vizuri! Utamlaza wapi?"

"Tumboni. Aa! Ubavuni, ubavuni!"

"Ehee. Na chakula?"

"Nitakula... atakula chochote! Maswali ya nini? Fungua, nguchiro we, au huu ua nauangusha kwa mkia!"

Bi Nguchiro aliogopa, tusidanganyane. Mbwa wale walikuwa wanawe, na hakuna hata mmoja aliyeweza kukimbia. Akageuka, akapaza sauti kama afanyavyo kila asubuhi.

"Haya, uji tayari! Tembo, taratibu, usibomoe! Kifaru, acha kusukuma wenzako! Simba! Weee Simba! Panga mstari!"

Huko nje Chui akashusha mkia. Kisha ikaja sauti nyembamba.

"Simba... Simba yupi?"

"Simba wangu. Namlea mwenyewe."

Mzee Kobe, ambaye akili zake nazo hutembea kikobe, akadakia, "Si yule mwenye upe—"

"Upele, ndiyo!" Bi Nguchiro akamkata kauli. "Tangu amle yule chui wa juzi anajikuna tu. Nilimwambia, madoa hayo yatakudhuru, wapi! Hasikii."

Hapo Mzee Kobe akaelewa. Akaipiga sufuria kwa mwiko, gudum! gudum! "Tembo, hatua ndogo ndogo, nyumba itatuangukia!"

"Simba mwanangu," akaita Bi Nguchiro, "acha uji kwanza. Mgeni wako amefika, kafungue mlango!"

Mtoto wa mbwa aliposikia kuna mgeni wake, akajua leo amepata kwao. Akasahau hata kujikuna. Mbio hadi mlangoni! Akaukwaruza kwa kucha zote, kwaru-kwaru-kwaru, mlango ukatikisika wote.

"Mama yangu nakufa!"

Chui huyoo! Akaruka kijito, akaruka kichaka, akaruka hadi kivuli chake mwenyewe. Mpaka leo hajarudi kuuliza habari za mbwa.

Simba akatoka, masikio wima, mkia ukicheza. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Vumbi tupu.

"Yuko wapi wa kunilea?"

Bi Nguchiro akamsogelea, akamtoa kupe mmoja nyuma ya sikio.

"Ni mimi hapa. Yule alikosea nyumba. Rudi kwenye mstari, Simba, uji unapoa."

Basi wanangu, mimi nimefika mwisho, ninyi shikeni hili: mpe mnyonge jina kubwa, ipo siku litamkinga.