Kila Mtu Atakula Alichopanda

Hivi nyinyi mnaonisikiliza, mmewahi kufundishwa kubana matumizi na mtu ambaye vifungo vya nguo yake havifungiki kwa shibe? Kama bado, kaeni mkao wa kusubiri, zamu yenu inakuja. Kama tayari, basi hekaya hii ni yenu, sogeeni.

Hapo zamani, katika mji wa Marumbani, alikuwako kijana aitwaye Ngwali, mtoto wa Bi Mize, mjane aliyeuza mchicha kwa mafungu. Ngwali alisoma. Wallahi alisoma hata macho yakamwingia ndani: akasoma sheria, akasoma nahau, akasoma hesabu na elimu ya nyota, akasoma lugha hata ukimwamkia kwa Kiarabu hukujibu kwa Kiajemi na kukutania kwa Kihindi. Walimu wake wakampa ijaza, hati ya kuhitimu, yenye muhuri mwekundu, naye akaikunja, akaitia ndani ya kipande cha mwanzi, akaenda jumbani kwa Sultani kuomba kazi. Waombao kazi walipokewa na Waziri Jabali. Basi Waziri akamtazama kuanzia kofia hadi makubadhi, akamwuliza, "Una uzoefu wa miaka mingapi?"

"Sina, bwana mkubwa. Ndiyo kwanza natoka chuoni."

"Kautafute, kisha urudi."

"Nikautafute wapi?"

"Kazini."

"Na hiyo kazi naipataje?"

"Kwa uzoefu," akasema Waziri, akaagiza kahawa nyingine.

Ikawa Ngwali huenda na kurudi, huenda na kurudi, wala hakuwa peke yake, kwani lango la jumba lilijaa vijana wenye ijaza zao, wengine wamekaa pale hata wakajuana na paka wa jumba kwa majina. Nyumbani nako, yeye na mamaye waliishi kwa akili, kwa kuwa mali haikuwako. Nazi moja Bi Mize aliikamua tui la kwanza likawa la wali, la pili la mchicha, la tatu la kuzidanganya kunde. Machicha akayakaanga kwa chumvi yakawa kitoweo cha asubuhi, na vifuu vikawa kuni. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye nyanya zilizopandwa ndani ya mitungi iliyovunjika, na maganda ya ndizi yalichomwa, majivu yake yakatiwa kwenye kisamvu kiive upesi. Ndani ya nyumba ile hakikutupwa kitu isipokuwa ahadi za Waziri.

Basi siku moja kelele za vijana langoni zikamkera Sultani Mundhiri, naye yuko ghorofani mbele ya sinia la pilau. Akatoka barazani, vidole vinang'aa samli, paja la kuku mkononi.

"Enyi vijana wa leo!" akanguruma. "Mwapenda kazi za kuketi! Kwa nini hamlimi? Kwa nini hambani matumizi? Mimi ujana wangu nilikula mhogo mtupu!" Akaling'ata lile paja ili apate nguvu za kuendelea. "Jitegemeeni!"

Ngwali, aliyekuwa hajala tangu jana, akajibu kabla akili haijamziba mdomo. "Tulime wapi, Maulana? Kuanzia mtoni hata pwani ardhi ni yako, na pasipo pako ni pa shemejio."

Watu wakaangua kicheko. Sultani akawiva uso. "Wewe mwenye ulimi, waitwaje?"

"Ngwali wa Bi Mize, Maulana. Alimu wa kushinda langoni."

"Haya, mimi si bahili. Lile jaa nyuma ya mazizi ya farasi wangu nimekupa, kalime! Na mpiga mbiu apige mbiu: kuanzia siku ya mavuno ya masika haya, kila mtu katika mji huu atakula alichopanda kwa mkono wake mwenyewe. Atakayekula asichokipanda, nyumba yake itavunjwa saa ile ile. Nami nitaanzia kwako, Ngwali, na wenye mitarimbo nitakuja nao. Si nyumba ya mamako ndiyo inayopakana na mazizi? Farasi wangu wanabanana."

Moyo wa Ngwali ukaporomoka hata tumboni, ukakuta tumbo lenyewe tupu, ukazidi kushuka. Nyumba ile ya udongo ndiyo urithi pekee aliouacha marehemu babaye, na Bi Mize hakuwa na pengine pa kulaza ubavu. Laa haula! Lakini aliyesoma sheria amesoma, na amri ile Ngwali aliisikia mara mbili: mara ya kwanza kwa hofu, mara ya pili kwa masikio ya chuoni.

"Maulana, Mungu akuweke," akasema kwa unyenyekevu. "Naomba kufahamishwa. Amri hii ni ya kila mtu, au ya kila maskini?"

Waziri Jabali alinusa jambo, akamvuta Sultani joho. Lakini Sultani ameshauona umati ukimkodolea macho, na hakuna kitu alichokipenda kama kukodolewa macho. "Kila mtu!" akasema, kifua mbele. "Hata mimi!"

"Basi atufungulie msimu Maulana mwenyewe. Apande wa kwanza, mikono yetu ipate baraka."

Wazo hilo likampendeza mno, maana sherehe ni sherehe, na penye sherehe pana ngoma, turubai na posho.

Ngwali akarudi nyumbani kichwa chini, akamweleza mamaye yote. Bi Mize akaacha kuchambua mchicha, akamshika mkono.

"Amekupa jaa? Lile lenye samadi ya farasi na majivu ya jiko zima la jumba?"

"Ndilo hilo, mama."

"Mwanangu, usicheke mbele za watu. Wataligundua watakunyang'anya."

Mvua za kwanza ziliponyesha, Sultani akaja jaani amefunikwa mwavuli, leso yenye marashi puani. Ngoma zikapigwa. Akakabidhiwa jembe la fedha, akalishika kama mtu ashikaye nyoka wa mwenziwe. Kisha akamnong'oneza Ngwali, "Mbegu gani isiyotaka kuinama?"

"Uko mhogo, Maulana, lakini wataka tuta."

"Tuta ni nini?"

"Ni kuinama."

"Lete nyingine."

"Uko mpunga, nao wapandikizwa."

"Kwa kuinama?"

"Kutwa nzima."

"Nyingine, we! Watu wanatazama."

"Labda pilipili kichaa, Maulana. Hiyo hata ndege huipanda akiwa juu ya tawi, kwa kujisaidia tu."

"Hiyo ndiyo ya kifalme," akasema Sultani, akazimwaga mbegu wima wima, akazisukumia udongo kwa ncha ya kiatu. Watu wakapiga vigelegele. Waziri akatoa hotuba kuhusu kilimo, ndefu kuliko kilimo chenyewe. Wakubwa wakala, wakanywa, wakagawana posho, wakaondoka. Na hakuna hata mmoja wao aliyerudi kutia maji.

Ngwali akabaki na jaa lake. Kile kitalu cha Sultani akakizungushia ua wa makuti, akakipalilia kwa adabu zote. Kwingine akapanda maboga, kunde, bamia, mahindi na mchicha. Wadudu wakija akawanyunyizia majivu. Jua likizidi akaleta maji waliyonawia. Naye Bi Mize akapita nyumba hata nyumba akigawa mbegu, akiwaambia jirani zake, "Pandeni, jamani, hata chungu kilichotoboka chafaa. Huyu mtu hana mzaha na nyumba za wenziwe." Ikawa mji mzima umechipua: penye kigae pana mchicha, penye ua pana kunde, na wale vijana wa langoni wakapanda mahindi kandokando ya ukuta wa jumba wakingojea majibu. Na jaa, ya Salaam! Maboga yaliparamia ukuta wa mazizi yakawachungulia farasi.

Siku ya mavuno ikawadia. Sultani akaja na wazee wa baraza, nyuma yao wenye mitarimbo, na nyuma ya hao wapishi wenye masinia yaliyofunikwa kawa, kwani alikusudia kuvunja nyumba ya watu kwanza kisha ale. Ahadi yake mwenyewe ilikwisha kumtoka kichwani siku ile ile aliyoitoa, kama ilivyo ada ya ahadi za namna hiyo.

Akaona bustani, akagutuka. Lakini mitarimbo imekwisha kuja, na kuirudisha bila kazi ni aibu. Basi akaanza upekuzi vyunguni.

"Boga hili nani kalipanda?"

"Mimi, Maulana, na majirani wote ni mashahidi."

"Na kunde hizi?"

"Bi Mize."

"Kwa tui la nani?"

"Hazina tui. Mnazi wa uani kwetu aliupanda marehemu babangu, si sisi, basi hatukuugusa."

Sultani akatabasamu. "Na chumvi? Chumvi umeipanda wapi, ewe alimu?" Na kwa pupa ya kushinda, akachota boga kwa kidole, akalitia kinywani.

Umati wote ukasema, "Haaa!"

Sultani akasimama vivyo hivyo, boga mdomoni, halina chumvi hata chembe, na kidole bado kiko hewani. Wenye mitarimbo wakatazamana. Kisha mmoja akageuka polepole akalitazama jumba la Sultani, ghorofa zake na madirisha yake, kama fundi anayejiuliza aanzie wapi.

"Kala asichokipanda!" akapayuka bibi mmoja.

"Hajala bado," Ngwali akasema upesi, ameinua mkono. "Msimdhulumu. Sheria tumeisoma. Mpishi mwenye saumu huonja mchuzi, na saumu yake husimama, maana kuonja si kula, mradi asimeze. Tema, Maulana."

"Nini?"

"Tema, uliokoe jumba."

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama viatu vyake. Basi Sultani Mundhiri, mwana wa masultani, akainama, kwa mara ya kwanza msimu ule, akatema boga mbele ya raia zake.

"Alhamdulillahi, jumba limesalimika," akasema Ngwali. "Lakini naona Maulana ana njaa. Wapishi, pilau hiyo mchele wake nani kaupanda? Nyamazeni basi, iwekeni kando. Mama, mletee Sultani chakula chake."

Bi Mize akaja na sinia, akaweka mbele ya Sultani bakuli la pilipili za kuchemsha, sahani ya pilipili za kuchoma, na kikombe cha pilipili zilizopondwa.

"Na kitoweo?" akauliza Sultani, sauti imempungua.

"Ndizo hizo, baba."

"Na wali?"

"Wali wake ni hizi nyekundu," akasema Bi Mize. "Kula, zisipoe."

Watu wote wanangoja. Sultani akaona kuwa akikataa amevunja amri yake, na akikubali amejivunja mwenyewe. Akatia pilipili moja kinywani kwa ushujaa. Akatafuna. Machozi yakamtoka, makamasi yakafuata machozi, na kwikwi ikafuata makamasi.

"Maji!" akalia.

"Maji hayapandwi, Maulana, kunywa utakavyo," akasema Ngwali, akampa kata. Sultani akanywa, na anayejua pilipili kichaa anajua maji yanavyoitembeza kuanzia ulimini hata masikioni. Akarukaruka kwa mguu mmoja, joho likamvuka, na wazee wa baraza wakatazama mbinguni kana kwamba wanasoma nyota.

"Ngwali! Nifutie amri hii!"

"Aliyeitoa ndiye aifutaye."

"Mpiga mbiu! Amri imefutwa! Wenye mitarimbo nendeni kwenu! Nyumba ya Bi Mize isiguswe na mtu, wala na farasi!"

Baragumu likalia, na Bi Mize akaketi chini palepale, maana tangu alfajiri alikuwa amesimama akiagana na kuta zake. Kisha akanyanyuka, akamkatia Sultani kipande kinene cha boga. "Kula, baba. Ukali wa pilipili utapoa."

Sultani akala kwa mikono miwili, akakwikwika, akaanza kucheka, na watu wasijue kama analia au anacheka, akacheka hata akashika ukuta wa mazizi. "Umenipata, kijana," akasema. "Akili kama hii kukaa langoni kwangu ni hasara yangu mimi. Kuanzia leo nakufanya Waziri wa Kubana Matumizi, na nyumba nitakupa, na punda wa kupanda."

Waziri Jabali akakohoa. "Hana uzoefu, Maulana."

Vijana wa langoni wakamtazama Ngwali. Wengine aliketi nao ukutani hata wakagawana kipande cha mhogo. Alizijua njaa zao kwa majina. Akamwona mamaye akimwashiria kwa kichwa, maana yake kubali, mwanangu, lakini sema kwanza.

"Nashukuru, Maulana," akasema, "ila cheo kimoja hakishibishi lango zima. Matumizi sisi tumeyabana hata yamelia; hakuna tena pa kubana. Sasa ni zamu ya jiko lako. Kazi zilizo wazi zitangazwe sokoni mchana kweupe, wala zisinong'onezwe masikioni mwa wapwa wa Waziri. Ardhi iliyolala kuanzia mtoni igawiwe wanaoweza kuinama, na mfereji uchimbwe maji yafike. Na huo uzoefu mnaotudai, mtupe nyinyi, kwa kuwa nyinyi ndio mliojifungia nao ndani."

Ngwali aliyasema hayo mbele ya kadamnasi, nami nayatoa kama nilivyoyapokea, bila kupunguza chumvi, niyafikishe kwa kila mwenye ufunguo wa ofisi na wa ghala katika miji yetu: semina zenu za kujiajiri tumezisikia, na hotuba tumezikariri. Tupeni ardhi, tupeni maji, tupeni kazi tulizozisomea. Na asiyeweza kutoa hata kimoja, na atoke kwenye kiti.