Karai Chini ya Gari la Wagonjwa

Mwiba ni kitu kidogo. Ukikuchoma na ukautoa papo hapo, jioni umeshausahau. Ukiudharau, mguu utavimba mpaka kiatu kikukatae. Hayo anayajua hata mtoto wa chekechea, lakini mkuu wa kituo chetu cha afya, mtu mwenye vyeti ukuta mzima, alijitia hamnazo.

Kituo kilikuwa na gari moja tu la wagonjwa, na dereva wake alikuwa mwanamke mtu mzima ambaye wote walimwita Mama Usukani. Asubuhi moja aliinama akaona matone mekundu chini ya gari. Aliyagusa kwa kidole, akayanusa. Yalinuka kuungua. Akaenda moja kwa moja ofisini.

"Mkuu, giaboksi inavuja oili. Jana nimeweka gia, gari likakaa kwanza ndipo likaondoka. Mlimani injini inanguruma lakini mwendo hauongezeki. Fundi anasema ni sili tu, ule mpira wa kuzuia oili, imechoka. Akibadilisha sili na oili, asubuhi moja kazi imekwisha."

"Asubuhi moja! Na mimi mkutanoni niende na nini, punda?"

"Mkuu, lile ni gari la wagonjwa."

"Si linatembea? Basi! Kinachonikera mimi ni yale madoa. Vigae vya ua havina hata wiki mbili tangu viwekwe. Wekeni karai."

Karai! Jamani, mtu anatokwa damu, nawe unakinga bakuli ili zulia lisichafuke! Tangu siku hiyo mfagiaji alilimwaga karai lile kila asubuhi, na mkuu alipopita alivitazama vigae vyake akatabasamu. Mama Usukani aliiandika kasoro ile katika daftari la safari mara tisa. Mara tisa mkuu alitia saini bila kusoma.

Miezi miwili ikapita. Alhamisi moja, adhuhuri, mkuu alirejea na gari lilelile kutoka mkutano wa ng'ambo ya mlima. Hata koti hajavua, mkunga akatoka wodini mbio. Binti wa mkuu, aliyelazwa humo tangu alfajiri kwa uchungu wa mimba yake ya kwanza, alikuwa hatarini.

"Mtoto amekaa vibaya. Apelekwe hospitali kubwa sasa hivi, apasuliwe."

Binti akalazwa garini, mkunga na mkuu wakapanda naye. Mama Usukani akaweka gia ya mbele. Injini ikanguruma, harufu ya kuungua ikatanda, gari likabaki palepale kama limepigwa misumari.

"Endesha!" mkuu akafoka. "Unangoja nini?"

"Nangoja gia, Mkuu. Nimeingoja miezi miwili."

Simu zikapigwa. Gari la hospitali kubwa lilikuwa safarini, mwendo wa saa nzima kutoka hapo. "Saa nzima hana huyu," mkunga akasema. Mama Usukani akajaribu gia ya kurudi nyuma. Ikashika.

"Basi tutakwenda kinyumenyume," akasema. "Ila vioo vya nyuma vimepakwa rangi, sioni vizuri. Mkuu, shuka ukatangulie huko nyuma, unisafishie njia."

Wakaenda hivyo kilomita mbili zote hadi hospitali kubwa, gari likirudi nyuma polepole na mkuu akikimbia mbele ya milango yake ya nyuma, tai mkononi, akiipunga. "Pisheni! Pisheni jamani!" Mziba pancha wa njia panda akamuuliza, "Mkuu, hilo gari linakwenda au linarudi?" Watu wakacheka. Mkuu akazidi kupunga tai. Mle ndani binti aliuma shuka, na huyo hakuna aliyemwona ila mkunga.

Walifika. Alipasuliwa, na mtoto akatolewa kimya, mweusi wa midomo. Wauguzi walihangaika naye mpaka akalia. Mama mtu alipoteza damu nyingi akapauka kama majivu. Walinusurika wote wawili, lakini chupuchupu.

Siku ya nne mkuu alisimama kando ya kitanda. "Nisamehe, mwanangu. Ile giaboksi imekufa kabisa, lakini nimeagiza nyingine, mpya."

Binti akamgeukia. "Na kama ningekuwa binti wa mfagiaji, baba, ungeiagiza?"

Mkuu akaanza kunyoosha shuka la kitanda.

"Mwiba uliudharau wewe," binti akasema, "lakini mguu uliovimba ni wangu."

Mama Usukani alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake la safari kwapani. Angeongeza neno gani, naye alishaandika mara tisa? Vigae vya kituo vinang'aa hadi leo, havina hata doa moja. Mdharau mwiba mguu huota tende, na ole wetu sisi wanyonge, maana mara nyingi mguu wenyewe si wake.