Mzee Mbaruku na Ndevu za Mahindi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama mliofunga mwezi mzima. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji chenye ada yake: washenga wakija kuposa, baba wa binti hukaa kitako mpaka waseme neno la mwisho. Akiinuka kabla, basi amekataa.

Mzee Mbaruku alikuwa na binti, Siwema, na alikuwa na kibofu kigonjwa. Miaka nenda miaka rudi kinamuwaka moto. Mkojo humjia mbio, akifika chooni: tone... tone... basi. Akikaa tu, tena! Lakini aseme? Mwanamume mzima, ndevu mpaka kifuani? Hasemi ng'o.

Wakaja washenga. "Tumekuja kuomba..." Mbaruku huyooo, nyuma ya nyumba! Washenga wakavaa viatu vyao. Wakaja wengine. "Tumekuja..." Huyooo!

Siwema akalia. "Baba, washenga wanaokuja Ijumaa wametumwa na yule nimpendaye. Ukiinuka, umenizika."

Moyo ukamuuma Mbaruku kuliko kibofu. Akaenda kwa Bi Mwanatenga, ajuza aliyejua miti shamba, na watu pia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Jino."

Akapewa mzizi mchungu, akatafuna mpaka machozi yakamtoka.

"Limepoa?"

"Kwa kweli, bibi, ni goti."

Akachuliwa goti kwa pilipili, akapiga yowe.

"Limepoa?"

Mbaruku akabana mapaja. Bibi akachukua kata, akaanza kumimina maji mtungini taratibu. Chururu... chururu... chururu...

"Bibi weee! Kibofu! Na Ijumaa washenga wanakuja!"

Bi Mwanatenga akacheka akishika mbavu. "Si ungesema! Mficha uchi hazai." Akachemsha ndevu za mahindi, zile nyuzi tunazotupa tukimenya, akamchujia. "Kunywa asubuhi na jioni, moto utapungua. Lakini maradhi ya miaka hayaondoki kwa kikombe kimoja. Ijumaa kikikubana, dawa ni mdomo wako."

Ijumaa ikafika. Mshenga mkuu, Mzee Shekue, akaanza posa tangu babu wa babu yake. Mbaruku akakaa. Akakaa mpaka akajishangaa. Mara, kikambana! Jasho likamtiririka. Mlangoni Siwema anachungulia.

"Jamani!" Mbaruku akapaza sauti. "Sikatai! Binti nimewapa! Ila kibofu changu kigonjwa, niacheni nikakojoe!"

Mzee Shekue akadaka fimbo yake. "Nipishe, ndugu yangu! Mimi nimebanwa tangu kwa babu wa babu!"

Wazee wawili, huyooo na huyooo, nyuma ya nyumba. Ndani vigelegele vikalia.

Kesho yake wazee walijaa mlangoni kwa Bi Mwanatenga, na hakuna aliyetaja jino. Bibi keshatutoka siku nyingi, lakini kijijini pale ndevu za mahindi hazitupwi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hadithi yangu imeishia hapo. Nawe unayebana mapaja hapo nyuma, nenda tu, hujamkataa mtu.