Bi Sikudhani na Mapanga ya Kijiji

Paukwa!

(Pakawa!)

Pakawa kijiji, pakawa mfereji, pakawa watu na kiu yao.

Hapo zamani za kale, bibi wa bibi yangu hajaota meno, walikuwapo wakulima wa mpunga. Maji yao yalishuka mlimani kwa mfereji mmoja, chururu, chururu. Mwaka mmoja mvua ikagoma. Huyu akaziba, akapeleka maji kwake. Yule akazibua, akapeleka kwake. Watu wakalima jembe mkono huu, panga mkono huu. Siku moja, kacha! Mwinjuma, mmoja wao, akakatwa mkono.

Alikuwapo mkunga mzee, Bi Sikudhani, aliyewazalisha karibu mama zao wote. Akawaita.

"Nimewapokea nyote mmekunja ngumi," akasema. "Mnaogopana. Mchagueni mmoja, mpeni mapanga yote. Akisema maji yaende huku, yaende huku. Asipingwe."

Wakamchagua Chande mfinyanzi, mtu mpole. Wakaapa. Mapanga yakarundikwa kwake, kwacha, kwacha, kwacha.

Amani ikaja. Chande akagawa maji sawa kwa sawa.

Kisha akasema, "Asipite mtu mbele yangu na viatu." Wakavua. Akasema, "Asicheke mtu mferejini." Wakanuna. Mjane mmoja, Mwasiti, akacheka, wala hakujua kacheka nini. Chande akamfungia maji. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wanawe wakapasuka midomo.

Watu wakamwendea Bi Sikudhani.

"Bibi, tumwondoe?"

"Na mapanga atashika nani?"

Wakatazamana. Hakuna aliyemtaka jirani yake.

"Basi tumwache?"

"Sijui, wanangu. Nilidhani najua."

Wakarudi makwao wameshika vichwa.

Asubuhi bibi akashika njia na mkongojo wake, ko, ko, ko, mpaka mferejini. Akapiga magoti, akazibua tope kwa mikono. Maji yakaenda kwa Mwasiti, chururu, chururu. Watu wakajaa, hakuna aliyesogea.

Chande akaja mbio, panga juu.

"Bibi! Si wewe uliyesema nisipingwe?"

"Nilisema."

"Mbona wanipinga?"

"Watoto wana kiu."

"Basi ulikosea siku ile, au unakosea leo?"

Bi Sikudhani akafikiri. Akafikiri sana.

"Sijui, Chande. Siku ile niliona damu majini. Leo naona midomo ya watoto. Ukitaka kunikata, nikate. Maji siyazibi."

Panga likateremka. Chande akaketi topeni akalia.

"Tangu mnipe mapanga haya sijapata usingizi," akasema. "Kila anayecheka, nasema huyo anakuja kuyachukua."

Watu wakaduwaa. Kumbe naye anaogopa! Walidhani hofu yote ni yao.

Hawakumwondoa. Hawakuthubutu kurudishiana mapanga. Ila Mwasiti akasimama mbele yake, viatu miguuni, akamwambia, "Chande, ulinionea." Chande akainamisha kichwa. Tangu hapo akikosea anaambiwa, akipatia anatiiwa.

Bi Sikudhani alipoulizwa lipi lilikuwa kweli, la siku ya mapanga au la siku ya mferejini, alitikisa kichwa hadi anakufa. Neno moja tu aliliacha: ukimpa mtu panga lako akulinde, usimpe na ulimi wako.

Hadithi yangu naitua hapo. Anayejua zaidi ya bibi, na aseme.