Gogo la Kushukia

"Gogo la kushukia hubebwa wakati wa kupanda." Hivyo ndivyo alivyowaambia mlinzi wa kizuizi cha msitu hapo nje, nanyi mkacheka, kisha mkaja kukaa barazani kwangu mniulize maana yake. Afadhali mmeuliza. Wengine huagiza chai, hupiga picha za msitu, wakaenda zao. Msemo huu najua ulikotoka, kwa sababu nilikuwepo, na laiti nisingalikuwepo.

Ulizaliwa hivi. Barabara hii mliyoipanda leo kwa baiskeli zenu haikuwekewa changarawe ili watu wanyooshe miguu. Ilichongwa na kiwanda cha mbao, malori yapate kupita. Kiwanda kikafungwa, daraja la chini likabaki na mbao tatu za kuvukia watu, na tangu hapo hakuna gari lililokanyaga huku. Sisi tuliona baraka. Kona ishirini na moja, msitu huku na huku, na huna haja ya kugeuka kusikiliza honi. Wanaume wa kijiji walishusha viazi na mapea hadi soko la bondeni, magunia mawili kwa baiskeli moja, kisha wakapanda mikono mitupu wakiisukuma.

Taabu ilikuwa kushuka. Breki za wakati ule zilikuwa vipande vya raba tu. Ukiwa na magunia mawili, kona ya tano raba zinanuka, kona ya nane huna breki. Kwa hiyo mtu alifunga gogo kwa kamba ya katani nyuma ya keria, likaburuzwa kwenye changarawe na kuizuia baiskeli isikimbie. Sisemi kijiti. Gogo la kuinuliwa kwa mikono miwili. Na bwana misitu hakuruhusu mtu akate mti. Hata panga uliliacha kizuizini. Alitupa magogo manne ya mkaratusi ulioangushwa na upepo, akasema, "Hayo ndiyo yenu, sitaki kusikia habari ya la tano."

Manne kwa kijiji kizima. Basi ikawa desturi kwamba anayeshuka huchukua gogo hapa juu na kuliacha darajani, na anayepanda hulikuta darajani, hulifunga juu ya keria na kulisukuma mpaka hapa. Hakuna aliyeandika sheria hiyo wala aliyeisimamia. Ukifika asubuhi na mzigo wako, gogo lipo.

Sasa anaingia Kaoneka, mume wangu. Nasema mapema kuwa ni mume wangu, msije mkadhani nasengenya jirani.

Kaoneka alinunua baiskeli ambayo breki yake hushika ukikanyaga pedeli kurudi nyuma. Hapakuwa na nyingine kama hiyo huku. Alibeba gunia moja badala ya mawili, akashuka bila gogo, na alikuwa sokoni wenzake wakiwa hata nusu ya njia hawajafika. Wakati wa kupanda aliyapita magogo darajani. Wazee walipomuuliza, akajibu, "Mimi sishuki na gogo. Kwa nini nipande nalo?"

Hebu mjibuni. Wazee wakarudi kwenye mizigo yao. Mimi nilikuwa mke wa miezi michache, na nilicheka kuliko wote, nikaona nimeolewa na mwanamume mwenye akili. Haikupita muda, vijana wengine wakaanza kusema, "Kaoneka hapandishi, mimi nimpandishie nani?" Siku moja magogo mawili yalikuwa juu, siku nyingine moja. Waliolikosa walishuka kwa miguu wakiishikilia baiskeli kama mbuzi mkaidi, wakanung'unika, lakini jioni nao hawakupandisha.

Nikashika mimba. Siku zangu zilikuwa bado, ndiyo maana Kaoneka alilala kwa kaka yake bondeni baada ya soko. Asubuhi yake uchungu ukanishika, na ukanishika vibaya. Mkunga wa kijiji akanipapasa, akasema mtoto amekaa vibaya, hili si langu, mpelekeni zahanati haraka. Zahanati iko kule kule bondeni. Jirani yetu, Mzee Hoza, akatoa baiskeli yake, wakafunga mto kwenye keria, nikapanda.

Tulipofika hapa juu, hapakuwa na gogo hata moja.

Mzee Hoza akaokota tawi kavu lililoanguka, akalifunga kwa kamba. Katika kona ya kwanza likakatika. Alitia mguu chini, soli ya kiatu ikang'oka, tukaenda kujigonga kwenye ukingo wa udongo. Nilikuwa nimekaa hapo, nimeshika tumbo, niliposikia mtu anapanda akipiga mluzi. Alikuwa Kaoneka, anasukuma baiskeli yake, keria tupu.

Aliponiona, mluzi ulikatika.

"Mgoshi Kaoneka," Mzee Hoza akasema, yaani bwana Kaoneka, "magogo yako wapi?"

"Darajani."

"Yote?"

"Yote manne."

"Umeyaona kwa macho yako?"

"Nimeyaona, baba. Nimekalia moja nikafunga kamba za kiatu."

Mzee Hoza hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angefoka. "Basi, mwanangu," akasema, "gogo la kushukia hubebwa wakati wa kupanda."

Kaoneka akataka anipakie kwenye baiskeli yake. Mzee akainama, akaushika mnyororo, ukaning'inia kidoleni, umelegea. Breki ile ilitegemea mnyororo. Ukitoka, huna breki. Peke yake angeweza kuruka. Mimi na tumbo lile ningerukaje? Kaoneka akageuza baiskeli, akashuka mbio kulifuata gogo, nasi tukaanza kutembea. Hatua ishirini, nakaa. Hatua ishirini, nakaa.

Alitukuta kona ya tisa, gogo liko begani, baiskeli ameiacha huko chini ili apande haraka. Midomo yake ilikuwa myeupe. Wakalifunga kwenye baiskeli ya Mzee Hoza, nikapakiwa, tukashuka taratibu, gogo likiunguruma nyuma yetu, salama kabisa. Kazi yake gogo lile liliifanya vizuri sana. Lilikuwa limechelewa tu.

Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia. Mkunga wa zahanati alimpiga kisigino, akampulizia, akafanya yote. Kisha akatuuliza tulitoka nyumbani saa ngapi. Tulipomwambia, akamfunika.

Hakuna mtu kijijini aliyemsuta Kaoneka. Walileta unga na kuni, wakatupa pole, wakaondoka. Nilipoweza kusimama, yeye alishuka na kurudi na gogo moja. Alasiri akarudi na la pili. Kesho yake la tatu na la nne. Wakati wa kupanda hakupita tena darajani na keria tupu, miaka thelathini na mmoja, ingawa yeye mwenyewe breki zake hazikumwangusha hata siku moja. Hakumwambia mtu afanye hivyo. Vijana walimwona tu, wakaona haya, wakaanza nao. Maneno ya Mzee Hoza yakabaki, na baadaye akina mama wakawa wanawaambia hata watoto wanaorudi kutoka kisimani na ndoo tupu.

Mimi nilimkasirikia miaka miwili. Nilimpikia, nilimfulia, na nilimkasirikia. Siku moja nilikumbuka ni nani aliyecheka kuliko wote, nikaacha. Tukazaa wengine wanne. Hao wote walizaliwa zahanati, na kila mara gogo nililikuta hapa juu.

Mnasema baiskeli zenu zina breki za mafuta, zinashika kwa kidole kimoja. Nimeziona, ni nzuri. Yake pia ilikuwa nzuri. Lakini wauza viazi bado wanashuka hapa na raba zao, na akina mama bado wanapakiwa kwenye keria. Leo hapo kizuizini limebaki gogo moja, nimelihesabu nikiwasha moto. Matatu yako darajani, na ninyi mmepita hapo watatu.

Malizeni chai, mshuke mfurahie kona zenu. Mkirudi kesho, msiulize gogo ni la nani. Gogo la kushukia hubebwa wakati wa kupanda.